MENO YA BANDIA HUPIMWA KINYWANI MWAKO, HAYANUNULIWI MNADANI

Na Bwana Shamba wa Kata, Shinyanga

Hapa kwetu Usukumani mtu hanunui ng'ombe mnadani kabla ya kumfungua kinywa. Anatazama meno. Meno humweleza umri wa ng'ombe. Humweleza pia kama ng'ombe huyo ataweza kutafuna majani makavu ya kiangazi. Ng'ombe ambaye meno yake yamekwisha hukonda hata kama malisho yapo. Mwenyewe humwuza mapema.

Mtu hauzwi. Mtu aliyepotewa na meno ni baba yetu, ni mama yetu, ni jirani yetu. Tunakula naye. Lakini mara nyingi hatukitazami kinywa chake kama tunavyokitazama cha ng'ombe. Tunaona tu kwamba mzee anakonda. Tunaona ameacha nyama, ameacha mahindi, anakunywa uji tu. Tunasema, "Ni uzee." Pengine si uzee. Pengine ni meno.

Mtauliza, Bwana Shamba ana shughuli gani na meno? Kazi yangu ni chakula. Lakini chakula hakiishii ghalani. Safari yake huishia kinywani. Mkulima akivuna magunia ishirini ya mahindi, kisha asiweze kutafuna, mavuno yale yanamsaidia nini?

Ndugu msomaji, mwezi huu tujifunze juu ya meno ya bandia. Tujue hupatikana wapi, hutengenezwa vipi, na hutunzwa vipi. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: meno ya bandia hayanunuliwi kama kandambili. Hupimwa katika kinywa chako, nayo ni ya kinywa chako peke yake.

MENO HUPOTEA KWA NJIA GANI?

Mtoto mdogo ana meno ya utoto 20. Mtu mzima ana meno 32. Meno ya mtu mzima yakitoka, hayaoti tena. Hupotea kwa njia nyingi. Hizi ndizo kubwa:

1. Kuoza. Vijidudu vya kinywani hula sukari inayobaki kwenye meno. Kisha hutoa asidi inayotoboa jino. Soda, peremende na chai yenye sukari nyingi huwasaidia vijidudu hao.

2. Ugonjwa wa fizi. Uchafu ukikaa kwenye shina la jino, ufizi huvimba na kutoka damu. Mfupa ulioshika jino huliwa polepole. Mwishowe jino hulegea kama nguzo iliyochimbiwa kwenye mchanga. Tumbaku huzidisha ugonjwa huu.

3. Ajali. Siku hizi pikipiki huvunja meno ya vijana wengi. Wengine hupigwa teke na ng'ombe, au hugongwa na mawe machimboni.

4. Kung'oa bila sababu ya kutosha. Jino likiuma, watu wengi husema, "Ling'oe." Jino lililooza kidogo huweza kuzibwa likaendelea kufanya kazi miaka mingi. Wahi mapema.

Sisi wa Shinyanga tujue jambo jingine. Maji ya baadhi ya visima vyetu yana madini mengi ya floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floridi. Watoto wakinywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yao yanakua, meno hutoka na madoa ya kahawia. Jino lenye madoa hayo si lazima liwe limeoza. Usikubali ling'olewe kwa ajili ya rangi tu, ili uwekewe jeupe la bandia. Jino lako mwenyewe lenye madoa lina nguvu kuliko la bandia linalong'aa.

WACHIMBAJI NA ZEBAKI

Katika Geita, Kahama na Mbogwe, wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamata dhahabu. Kisha huchoma mchanganyiko ule ili zebaki itoke, dhahabu ibaki. Zebaki haipotei. Inageuka mvuke usioonekana. Anayechoma huuvuta. Mke na watoto walio karibu huuvuta pia.

Mtu akiuvuta kwa muda mrefu, mwili hupata sumu. Mikono hutetemeka. Usingizi hupungua. Fizi huvimba na kutoka damu, mate hujaa kinywani, na meno huweza kulegea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima afya ya wachimbaji wa Rwamagasa, wilayani Geita. Waliwakuta wachomaji wa dhahabu wakiwa na dalili za sumu ya zebaki. Kwa ajili ya hatari hii mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata mwaka 2013, wa kupunguza matumizi ya zebaki duniani. Tanzania nayo imejiunga.

Mchimbaji ambaye meno yake yanalegea asikimbilie meno ya bandia kwanza. Aende hospitali akapimwe. Amweleze mganga waziwazi kwamba anachoma dhahabu. Aache kuchomea nyumbani au jikoni. Atumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, tena achomee mahali pa wazi, mbali na watu. Asipofanya hivyo, meno ya bandia yatakaa juu ya fizi zinazoendelea kuugua.

PENGO LIKIACHWA

Si kila pengo linahitaji jino la bandia. Mtu aliyepoteza gego moja la nyuma anaweza kula vizuri na kuishi bila taabu. Lakini mapengo yakiwa mengi, mambo hubadilika.

Kwanza, meno yaliyo jirani na pengo huanza kuinama. Jino la upande wa pili, lililokuwa likikutana na lile lililong'olewa, hushuka au hupanda likitafuta mwenzake. Kuuma chakula kunaharibika.

Pili, mfupa wa taya hupungua. Mkulima ataelewa jambo hili. Mizizi ya nyasi hushika tuta. Nyasi ziking'olewa, mvua hulila tuta lile mwaka hadi mwaka. Hali kadhalika mizizi ya meno huushikilia mfupa. Meno yakiondoka, mfupa hupungua, na hupungua upesi zaidi katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mashavu ya mtu asiye na meno huingia ndani.

Tatu, mtu huona haya. Hufunika kinywa kwa mkono anapocheka. Huacha kusema kwenye mkutano wa kijiji. Mzee mwenye busara anakaa kimya kwa sababu maneno yanatoka na upepo. Hiyo ni hasara ya kijiji kizima.

Jambo hili si la aibu, wala si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, kati ya watu 100 wenye miaka 60 au zaidi duniani, watu 23 hivi hawana jino hata moja.

MENO YA BANDIA NI NINI?

Zamani Wazungu walichonga meno ya bandia kutokana na meno makubwa ya kiboko, mnyama yule yule tunayemwona katika Ziwa Victoria. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Alivaa meno ya bandia yaliyotengenezwa kwa pembe ya kiboko, meno ya watu na madini. Yalimwumiza sana. Alikuwa mtu mkubwa, lakini hakupata meno mazuri kama yale anayoweza kupata mkulima wa leo.

Tangu miaka ya 1930 mafundi walianza kutumia plastiki ngumu iitwayo akriliki. Ndiyo inayotumika sana hata sasa. Ni nyepesi, na ina rangi ya fizi. Yako meno ya namna hizi:

Meno ya taya zima. Ni ya mtu asiye na jino hata moja juu au chini. La juu hufunika kaakaa, nalo hujishika kwa kunyonya. La chini hukaa juu ya ufizi tu, na ulimi hulisukuma. Kwa hiyo la chini husumbua zaidi.

Meno ya sehemu. Ni ya mtu aliyebakiwa na meno kadhaa. Hushikwa na vikono vidogo vya waya kwenye meno yaliyobaki. Mwenyewe huyavaa na kuyavua.

Meno yasiyovuliwa. Mengine hugandishwa kwenye meno ya jirani. Mengine hukaa juu ya skrubu iliyopandikizwa ndani ya mfupa. Haya ni mazuri, lakini bei yake ni kubwa, na si kila hospitali hufanya kazi hii.

WAPI PA KWENDA

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huko meno ya bandia hayatengenezwi, lakini mganga atakuelekeza. Waganga wa meno wako katika hospitali za wilaya na za mikoa. Kwa watu wa kanda yetu, Hospitali ya Bugando iliyopo Mwanza ni hospitali kubwa ya rufaa. Tangu Juni 2025 watu wa Geita wanaokwenda Mwanza wanapita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi. Hawangoji tena kivuko kama zamani.

Tuwaamini waganga hawa, maana wamesoma. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Kabla ya hapo Mtanzania aliyetaka shahada hiyo alisoma nchi za nje.

Kabla hujapanda gari, uliza kwa simu au umtume kijana akuulizie mambo haya:

– Je, hospitali hiyo inatengeneza meno ya bandia, au inang'oa na kuziba tu?
– Gharama yote ni kiasi gani tangu kupima hadi kumaliza?
– Nitatakiwa kuja mara ngapi?
– Meno yakiniumiza baadaye, kurekebisha kunalipiwa?
– Kama nina bima ya afya, inalipia kiasi gani?

HATUA KWA HATUA

Watu wengi hudhani kwamba mtu huenda asubuhi na kurudi jioni na meno mapya. Sivyo. Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Mganga hutazama kinywa. Hutibu fizi, huziba meno yanayofaa, na hung'oa yale yasiyofaa. Mweleze kama una kisukari, shinikizo la damu, au ugonjwa wowote. Mtajie dawa unazomeza.

2. Kama umeng'olewa meno, fizi zinahitaji kupona. Mara nyingi mgonjwa hungoja majuma kadhaa, hata miezi miwili au mitatu. Usilazimishe. Meno yaliyopimwa kwenye ufizi uliovimba yatalegea uvimbe ukipungua.

3. Mganga huchukua alama ya kinywa. Huweka kitu laini kama udongo wa mfinyanzi katika kibakuli, kisha hukibana kwenye taya. Kikiganda, hukitoa. Fundi wa meno humimina plasta ndani yake, na hapo hupata sanamu ya taya lako. Pengine alama huchukuliwa mara mbili ili ipatikane iliyo barabara.

4. Unaumishwa nta ili wajue jinsi taya lako la juu na la chini yanavyokutana.

5. Meno hupangwa kwenye nta, nawe unayajaribu. Hatua hii ni kubwa, ndugu msomaji. Nta bado ni laini, kila kitu kinaweza kubadilishwa. Baada ya hapo nta huondolewa na plastiki ngumu huwekwa mahali pake. Kubadilisha wakati huo ni kazi ngumu. Kwa hiyo siku ya nta, sema. Kama meno ni marefu, sema. Kama ni meupe mno, sema. Kama midomo haifungi, sema. Nenda na mtu wa nyumbani akutazame ukicheka na ukizungumza. Mganga hachukizwi na swali.

6. Unapewa meno yako. Unafundishwa kuyavaa, kuyavua na kuyaosha.

7. Unarudi baada ya siku chache. Panapouma, mganga hupasugua kidogo. Usiikose siku hii. Meno mengi ya bandia yaliyotupwa sandukuni yangeweza kufaa kama mwenyewe angerudi mara moja tu.

PANGA KAMA UNAVYOPANGA MSIMU

Mmeona kwamba safari ni nyingi. Mtu anayeanza kazi hii bila kupanga huishia njiani. Hulipa kung'oa, hulipa alama, kisha hukosa nauli ya kwenda kuchukua meno.

Nawashauri wakulima wenzangu tufanye kama tunavyofanya na pamba. Ng'oa meno mabovu mapema, mathalani wakati wa palizi au mara baada yake. Fizi zitapona huku pamba ikikomaa. Ukishauza pamba, anza kupimwa. Wakati huo fedha ipo, na kazi za shamba zimepungua. Tenga fedha ya meno siku ile ile ya mauzo, pamoja na nauli za safari zote. Usiuze akiba ya chakula, wala dume la kulimia. Kama watoto ni wengi, mmoja achukue nauli, mwingine achukue gharama ya hospitali. Mzazi alitutafunia tulipokuwa wadogo. Sasa ni zamu yetu.

JIHADHARI NA MAFUNDI WA MNADANI

Mahali penye fedha nyingi, kama machimboni na minadani, huweza kutokea mtu anayejiita fundi wa meno. Hana chumba, hana maji, hana cheti. Anaahidi jino kwa nusu saa, hata la dhahabu. Tazama hatari zake:

Kwanza, jino hugandishwa kwa gundi kwenye meno ya jirani. Gundi ya viatu au ya vyombo si dawa ya kinywa. Huunguza ufizi. Chakula huingia chini ya jino lile na hakitoki. Baada ya muda meno mazima ya jirani nayo huoza. Uliingia na pengo moja, unatoka na matatu.

Pili, vyombo vichafu huweza kuleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI kutoka kwa mtu hadi mtu.

Tatu, jino dogo lililoshikwa vibaya huweza kuchomoka usingizini na kwenda kooni. Mtu huweza kupaliwa akafa.

Nne, hakuna mahali pa kurudi. Juma lijalo mnada umehamia kijiji kingine, na fundi naye amekwenda.

Bei yake ni rahisi siku ya kwanza tu. Mbegu isiyopimwa nayo ni rahisi dukani, lakini gharama yake huonekana shambani.

SIKU ZA KWANZA

Meno mapya yatakuwa mageni kinywani. Mate yatajaa. Maneno yatatoka vibaya. Utaona kama umeweka kijiko kinywani na kukisahau. Usikate tamaa. Mambo haya hupungua baada ya majuma machache.

Juma la kwanza kula vyakula laini: uji, ugali laini, maharage yaliyoiva sana, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, maziwa ya mgando, mboga za majani. Nyama uikate vipande vidogo sana. Michembe usiitafune mikavu. Iloweke na kuipika mpaka iwe laini. Tafuna kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, maana ukitafuna upande mmoja tu meno yatainuka upande wa pili.

Chunga vitu viwili: chai ya moto na samaki. Bamba la juu hufunika kaakaa, kwa hiyo huhisi upesi kwamba chai inaunguza, wala huhisi mwiba. Onja kwa mdomo kwanza. Toa miiba ya samaki kwa vidole.

Hata baada ya kuzoea, meno ya bandia hayana nguvu kama yale ya asili. Nguvu yake ni ndogo sana. Muwa, mahindi makavu ya kuchoma na mifupa waachie vijana. Usifungue soda kwa meno, ya bandia wala ya kwako.

Na maneno je? Dawa yake unayo mkononi sasa hivi. Soma gazeti hili kwa sauti, polepole, robo saa kila siku. Soma peke yako kwanza, kisha wasomee wajukuu. Ulimi utajifunza mahali pake mpya. Neno linalokusumbua, lirudie mara kumi.

KUYATUNZA KILA SIKU

1. Yaoshe kila baada ya kula, kwa maji safi.

2. Yasugue mara moja kwa siku au zaidi kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kisha yasuuze vizuri. Usitumie mchanga, majivu wala mkaa. Hata dawa ya meno huweza kuyakwaruza, na vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo.

3. Ukiyaosha, weka beseni lenye maji chini yake, au kitambaa. Yakikuponyoka yataangukia maji, hayatavunjika.

4. Usiyatie katika maji ya moto. Plastiki hupinda, na meno yaliyopinda hayaingii tena.

5. Yavue usiku. Fizi nazo zinahitaji kupumzika. Yaweke katika kikombe chenye maji safi na mfuniko, mbali na watoto, panya na mbwa. Usiyaache makavu.

6. Osha fizi, ulimi na kaakaa kwa kitambaa safi au mswaki laini. Kama una meno yako yaliyobaki, yasugue kwa dawa ya meno asubuhi na usiku. Hayo ndiyo nguzo za nyumba. Yakianguka, meno ya bandia yatakosa pa kushika.

7. Usiazime wala kuazimisha meno ya bandia. Usirithi meno ya marehemu. Yalipimwa kinywani mwake, kwako yatakuwa jeraha.

8. Yakivunjika, usiyagandishe kwa gundi. Okota vipande vyote, vifunge katika kitambaa, uvipeleke hospitali. Mara nyingi huweza kuungwa.

9. Nenda ukatazamwe mara moja kwa mwaka, hata kama hupati maumivu. Mfupa wa taya huendelea kupungua, lakini bamba halipungui. Baada ya miaka kadhaa lazima liongezwe ndani au litengenezwe jipya.

Ukiona kidonda ambacho hakikuponi kwa majuma mawili, uvimbe, au utando mweupe, nenda hospitali upesi. Kidonda kisichopona huweza kuwa mwanzo wa saratani. Kaakaa likiwa jekundu na kuwasha, mara nyingi ni ukungu unaoota chini ya meno yasiyovuliwa usiku. Unatibika.

MASWALI NINAYOULIZWA VIJIJINI

Swali: Bwana Shamba, mimi ni mzee wa miaka sabini na tano. Meno mapya ya nini tena?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Kama unakula vizuri na huna taabu, hulazimiki. Lakini kama umeacha nyama na mboga kwa sababu ya kutafuna tu, umri si kizuizi. Mwenye miaka sabini na tano anahitaji chakula bora kama kijana.

Swali: Yakiniuma, niyaache mpaka yazoee?

Jibu: Hapana, mama. Kubanwa kidogo ni kawaida. Kidonda si kawaida. Yavue, osha kinywa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, urudi kwa mganga. Siku moja kabla ya kwenda yavae kidogo, ili mganga aone panapouma. Usiyachonge mwenyewe kwa kisu au tupa.

Swali: Mume wangu amepata meno lakini hataki kuyavaa. Anasema watu watamcheka.

Jibu: Dada yangu, mwanzo mgumu. Mwache ayavae nyumbani kwanza, saa chache kila siku, ale na ninyi na asome nanyi. Na sisi majirani tuache mizaha. Mtu akivaa miwani hatumcheki. Kwa nini tumcheke aliyevaa meno?

SHIME WANANCHI

Tuanze na kinga. Tupige mswaki asubuhi na usiku. Tupunguze sukari. Tuvae kofia ya pikipiki. Tusichome zebaki nyumbani. Jino lililopona kinywani halina gharama.

Lakini yule ambaye meno yake yamekwisha kupotea asiachwe nyuma. Leo jioni, wakati wa kula, mtazame mzee wa nyumbani mwako. Anaacha nini kwenye sahani? Muulize kwa heshima. Kisha mfanye mpango pamoja, kabla fedha ya msimu haijatumika yote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu asipimwe meno ya bandia kabla ya fizi kupona?
2. Siku ya kujaribu meno kwenye nta, mgonjwa afanye nini?
3. Taja hatari tatu za jino lililogandishwa na fundi wa mnadani.
4. Meno ya bandia yalale wapi usiku?
5. Katika kijiji chetu ni nani ameacha kula nyama kwa sababu ya meno? Tumsaidie vipi?